Pedi za kushonea zinachanika baada ya mishono mitano: tutumie nini kuwafundisha wanafunzi wa udaktari?

Mkufunzi_wa_Chumba

Wakuu habari. Naomba msaada wa wale wanaofundisha ushonaji wa majeraha. Nina wanafunzi 24 wa mwaka wa tatu, vipindi vinne vya saa mbili mbili, chumba kimoja, wakufunzi wawili. Vifaa vya kujifunzia ni pedi za silikoni za mstatili, zile zinazokuja na majeraha yaliyokatwa tayari.

Shida ya kwanza, zinachanika. Mwanafunzi akikaza fundo, uzi unaikata silikoni kama waya unavyokata sabuni. Baada ya mishono mitano au sita, kingo za lile jeraha hazifai tena.

Shida ya pili, mtu anayeshona vizuri kwenye pedi akipewa ngozi ya mnyama anababaika. Kingo zinajikunja ndani, sindano inapinda, na mafundo ya nailoni yanafunguka yenyewe.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi: nitamwonyeshaje mwanafunzi kosa lake bila kusimama nyuma ya kila mmoja? Wengi wanamaliza mshono, wanauona umefunga, wanadhani kazi imekwisha.

Mnatumia nini, na mnapanga vipi? Tukiweza kutengeneza pedi wenyewe ni vizuri zaidi, mradi zifundishe kitu cha kweli.

---

Uzi_na_Ngozi

Mkuu, kabla ya kubadilisha pedi, angalia zinavyochanika. Shika ile iliyoharibika, ipinde kidogo juu ya kidole ili matundu yafunguke, kisha tazama umbo la tundu.

Ukiona mpasuko mwembamba unaotoka kwenye tundu kuelekea kwenye jeraha, kuna sababu mbili. Ama fundo linakazwa kupita kiasi, ama sindano zenu ni zile zenye makali upande wa ndani wa mkunjo. Sindano hiyo huacha mkato mdogo unaoelekea kwenye jeraha, na uzi ukivutwa unaingia humo humo na kuendeleza mpasuko. Kwa ngozi na kwa pedi tafuta sindano ya pembetatu ambayo makali yake ya tatu yako nje ya mkunjo. Hapo upande unaotazama jeraha unabaki bapa, na uzi unaegemea ukuta mzima badala ya kuegemea ufa.

Tundu likiwa limepanuka kama mfereji, lawama si ya pedi. Mwanafunzi anavuta sindano kwa mstari ulionyooka badala ya kuifuata mviringo wake. Pedi ngumu zaidi haitamponya, itamficha tu.

Sababu ya tatu ni pedi yenyewe. Silikoni laini ikishapata ufa mdogo, ufa unakimbia. Pedi nzuri ina neti ya kitambaa ndani ya tabaka la ngozi. Nyingi za bei rahisi hazina, na hutajua mpaka uikate katikati.

Hii ndiyo njia ya kutengeneza pedi moja ya sentimita 15 kwa 10, kwa silikoni ya sehemu mbili inayogandishwa kwa platinamu:

1. Chukua trei ya plastiki ya polipropilini yenye sakafu tambarare. Silikoni haishiki kwenye polipropilini, kwa hiyo huhitaji kupaka kitu.

2. Anza na ngozi, uso ukiangalia chini. Unene wa milimita 2 kwa eneo hilo ni mililita 30, yaani gramu 32 hivi. Tumia silikoni yenye ugumu wa karibu Shore A 10 (Shore ni kipimo cha ugumu wa mpira, huandikwa kwenye kopo). Pima sehemu A na B kwa mizani na si kwa macho, koroga dakika tatu ukikwangua kuta na chini ya kikombe, tia rangi matone machache. Mimina nusu.

3. Laza neti inayovutika pande zote mbili, ile ya nailoni na spandeksi. Soksi ndefu nyembamba za nailoni zinafaa kabisa, ukizikata na kuzitandaza bila kuzivuta. Mimina nusu iliyobaki juu yake. Neti ikibaki usoni, sindano itakwama kila inapoingia. Ikilala katikati ya tabaka, mwanafunzi atahisi ukinzani mdogo kisha sindano inapita, na hivyo ndivyo dermisi, tabaka gumu la ndani la ngozi, inavyojisikia.

4. Ngozi ikiwa bado inanata kidogo kwa kidole, mimina tabaka la mafuta: milimita 8, mililita 120. Hapa silikoni iwe laini zaidi, kama Shore 00-30, rangi ya njano. Ukitaka ilegee zaidi ongeza mafuta ya silikoni, ukianzia na asilimia 10 ya uzito. Ukizidisha, pedi itatoa jasho la mafuta siku zote na vifaa vitateleza mkononi.

5. Tabaka la misuli, milimita 3 hivi, rangi nyekundu iliyokolea, ugumu kama wa ngozi. Unaweza kuliacha kama hamfundishi kushona tabaka za ndani.

Jambo linaloharibu kazi hii kuliko yote ni glavu za mpira wa kawaida. Zina salfa, na salfa inaua kichocheo cha platinamu. Silikoni inabaki nata mahali ulipogusa na haitaganda hata ukingoja wiki. Vaa glavu za nitrili. Udongo wa kufinyangia wenye salfa una madhara hayo hayo, na vyombo vilivyowahi kutumika kwa silikoni inayogandishwa kwa bati pia.

Na usimimine majeraha kwenye umbo. Toa pedi nzima isiyo na jeraha, mwanafunzi akate mwenyewe kwa kisu namba 15, urefu wa sentimita 4, kupita ngozi hadi kufika kwenye njano. Acha sentimita 2.5 kati ya jeraha na jeraha ili matundu yasikutane. Lile likichakaa, anakata jingine pembeni.

---

Kingo_Mbili

Naongezea pale alipoishia mwenzangu, kwenye shida ya pili. Wanafunzi wako hawababaiki kwa sababu ngozi ya mnyama ni ngumu. Wanababaika kwa sababu pedi iliyolala mezani haiachani. Jeraha la kweli linafunguka, ngozi inavutika kila upande, na kazi ya mshono ni kushinda mvuto huo bila kuinyonga ngozi. Kwenye pedi tambarare kingo zimegusana tayari. Mwanafunzi anafunga fundo kwenye kitu kilichokuwa kimefungwa.

Dawa yake ni rahisi. Funga pedi juu ya chupa au bomba lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, jeraha likifuata urefu wa bomba, ubane pande mbili kwa klipu za karatasi zile kubwa nyeusi au kwa mpira. Jeraha litafunguka milimita kadhaa papo hapo. Sasa mzungusho wa kwanza wa fundo unalegea usipokuwa mara mbili, na mwanafunzi anaelewa bila hotuba kwa nini fundo la mpasuaji linaanza na mizungusho miwili. Akishazoea, mwambie akate umbo la jani, urefu mara tatu ya upana, atoe kipande chote cha ngozi, kisha afunge. Hapo ndipo utaona nani anaanza katikati na nani anaanza pembeni akaishia na sikio la ngozi lililosimama.

Kuhusu mafundo ya nailoni kufunguka: hilo lifundishwe mbali na sindano. Ukimpa mwanafunzi sindano, kishika sindano, forsepi (kibanio cha kushikia ngozi) na fundo kwa wakati mmoja, anajifunza vitu vinne vibovu. Saa nzima ya kipindi cha kwanza iwe ya mafundo peke yake.

Ubao wa mafundo hauhitaji kununuliwa. Hatua ya kwanza, kamba mbili za rangi tofauti, unene wa milimita 3 au 4, zilizounganishwa ncha kwa ncha na kuzungushwa kwenye ndoano. Rangi zinafanya kosa lionekane toka mbali. Fundo mraba linalala bapa, na ncha ya kila rangi inatoka sambamba na shina lake upande ule ule. Mikono isipopishana kati ya mzungusho na mzungusho, ncha zinasimama kukingama, na fundo hilo litateleza. Mkufunzi akipita mezani anaona kwa sekunde moja.

Hatua ya pili, hariri ya 2-0 (namba ya unene wa uzi: 3-0 ni mwembamba kuliko 2-0, na 5-0 zaidi) kwenye mipira miwili iliyovutwa sambamba juu ya ubao, sentimita moja kati yao. Kazi ni kuikutanisha na kuifunga bila mzungusho wa kwanza kulegea.

Hatua ya tatu, ndoano chini ya kikombe kirefu cha sentimita 8 hadi 10. Kikombe kisipogandishwa mezani ni bora, kwa sababu anayevuta juu anakiinua, na kukiinua kunamaanisha kwamba ndani ya tumbo angekuwa amechana mshipa. Ncha ya kidole ishuke na uzi hadi kwenye fundo, nguvu ziende kwa mlalo.

Kisha nailoni. Nailoni ni uzi mmoja laini wenye kumbukumbu ya kujikunja, hivyo uivute polepole kati ya vidole kabla ya kuanza ili inyooke, funga mizungusho miwili kisha moja, moja, moja, kila mmoja ukilala kinyume cha uliotangulia. Acha ncha za milimita 5. Anayekata ncha karibu kabisa na fundo kwa kupenda unadhifu atalikuta limefunguka, na hata lisipofunguka, atakayekuja kuutoa mshono hatakuwa na pa kushika.

Tishu ya mnyama iingie kipindi cha tatu, isiingie mapema. Mguu wa nguruwe ndio unaotumika sana kwa sababu una ngozi, mafuta na tabaka ngumu chini yake kwa mpangilio unaokaribia wa binadamu, ingawa ngozi yake ni nene zaidi. Tumia 3-0 yenye sindano ya robo tatu ya nusu duara, yaani tatu ya nane ya duara, urefu wa milimita 24 hadi 26. Ukiwapa 5-0 hapo, sindano zote zitapinda na hawatajifunza kitu. Mguu uyeyushwe ndani ya jokofu usiku kucha au zaidi. Ukiwa na barafu katikati, mafuta yanakuwa kama mshumaa na sindano inakatika. Ukishayeyuka usiugandishe tena.

Ngozi ya paja la kuku inafundisha kinyume chake: nyembamba, inateleza juu ya nyama, inachanika kwa kuguswa vibaya. Na kwa anayejifunza kurekebisha michaniko ya msamba, ulimi wa ng'ombe unafaa kwa sababu misuli yake inashika mshono vizuri na una tabaka za kutosha kujenga upya.

Ndizi watu wengi huidharau, lakini kwa jambo moja haina mpinzani: forsepi. Maganda yanachubuka. Penye kubanwa sana, alama za meno ya forsepi zinageuka kahawia kabla kipindi hakijaisha. Mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi alivyoiponda ngozi. Usiitumie kwa mafundo wala kwa mvuto wa kingo, ganda halina nguvu hiyo.

---

Ncha_Kali

Machache ya usalama ambayo watu huyaruka kwa kuwa "ni mazoezi tu".

Kidole kisiguse sindano hata kwenye pedi. Kuigeuza ni kwa forsepi, na kati ya mshono na mshono ncha ifichwe, sindano ikibanwa na mdomo wa kishika sindano huku ncha ikielekea ndani. Tabia ya mazoezini ndiyo itakayokwenda wodini.

Kila meza iwe na kikasha chake cha vitu vyenye ncha kali, kwa umbali wa mkono. Kikasha kimoja mlangoni maana yake watu 24 wanatembea na sindano. Hesabu sindano mwanzo na mwisho, na idadi iandikwe.

Vifaa vilivyogusa nyama vibaki vya mazoezi moja kwa moja. Vitie alama ya rangi isiyofutika na visirudi kwenye trei ya wagonjwa. Nyuzi zilizopita tarehe zinafaa sana kwa kazi hii, ila andika kwenye boksi lake kwamba si za mgonjwa, kisha lifungie kabatini. Baada ya kazi ya nyama, vifaa viloweke kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, visuuzwe, vikaushwe. Zaidi ya dakika hizo chuma kinaanza kuliwa, na kutu huanzia kwenye kiungio.

---

Mkufunzi_wa_Chumba

Asanteni sana wakuu. Nimezipinda pedi kama alivyosema Uzi_na_Ngozi: mipasuko mingi inaelekea kwenye jeraha, na sindano zetu kweli zina makali upande wa ndani.

Naomba kuuliza mawili zaidi. Silikoni ya sehemu mbili hatutaipata kwa wingi unaotutosha. Ile gundi ya silikoni ya kuzibia madirisha na masinki, inafaa? Na nina wanafunzi watatu wanaotumia mkono wa kushoto. Wanasema kishika sindano "kinagoma" kufunguka.

---

Uzi_na_Ngozi

Gundi ya kuzibia inafaa, ila ina tabia yake. Ile yenye harufu ya siki inaganda kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku. Ukiimimina nene, juu inakuwa ngozi na ndani inabaki uji kwa wiki. Kwa hiyo usijaribu kujenga pedi nzima kwa gundi. Tengeneza ngozi tu, mafuta yawe sponji.

Tandaza karatasi ya nailoni ngumu mezani. Weka vipande viwili vya mbao au plastiki vya unene wa milimita 3 kama reli. Kamua gundi, itandaze nusu, laza soksi ya nailoni, kamua tena, kisha pitisha rula iliyolowa maji ya sabuni juu ya reli ili uso uwe sawa. Usiifunike kwa karatasi nyingine juu, unyevu hautaingia. Iache saa 24 hadi 48, madirisha wazi, kwa sababu mvuke wa siki unachoma macho na koo.

Watu wengine huchanganya na wanga wa mahindi ili igande haraka. Ni kweli inaganda haraka sana, wanga unabeba unyevu hadi ndani, lakini matokeo ni magumu na yanakatika kama kifutio. Kwa ngozi usitie. Kwa tabaka la misuli la chini, sawa.

Ikishaganda, ibandike juu ya sponji laini ya unene wa sentimita 2 kwa gundi hiyo hiyo, mistari myembamba pembeni na michache katikati. Usipake eneo lote. Ngozi inatakiwa iweze kutelezateleza juu ya mafuta, la sivyo jeraha halitafunguka na kazi ya kutenganisha ngozi na mafuta ili kupunguza mvuto haiwezekani.

Kasoro yake ni kwamba sponji haishiki mshono wa ndani. Lakini kwa kuwa ngozi ni milimita 3 na ina neti, mshono uliozikwa ndani ya dermisi unawezekana: ingia toka chini kwenda juu upande wa kwanza, toka juu kwenda chini upande wa pili, ili fundo lizame.

Uzi ukipungua, ule wa kuvulia samaki wenye kipenyo cha milimita 0.20 una unene wa 3-0. Ni mgumu zaidi na unajikunja zaidi, hivyo anayefunga fundo zuri kwa huo atafunga kwa nailoni ya hospitali bila shida. Shida iko kwenye sindano: utalazimika kutumia ya tundu, uzi unapita ukiwa umekunjwa mara mbili, na tundu linakuwa kubwa. Weka hiyo kwa mafundo na kwa hatua za mwanzo.

Na wafundishe kubana uzi. Kwenye fundo la kifaa, yaani linalofungwa kwa kishika sindano, ncha fupi iachwe sentimita 2 au 3 tu. Anayeacha sentimita 8 anaula uzi wa sentimita 45 kwa mishono minne, wakati mwenzake anapata saba.

---

Kingo_Mbili

Kuhusu wa kushoto. Meno ya kufungia kishika sindano yamepangwa kwa mkono wa kulia. Dole gumba la kulia likisukuma kwa namna ya kawaida, meno yanaachana. Kwa mkono wa kushoto, msukumo ule ule unayabana zaidi. Afanye kinyume: abane kidogo kwanza, kisha avute dole gumba kuelekea kiganjani huku kidole cha pete kikisukuma nje. Ni jambo la dakika 20 za kufungua na kufunga bila sindano. Kishika sindano cha kushoto kikipatikana ni bora, lakini wodini hatakikuta, kwa hiyo lazima ajue njia zote mbili. Mkasi una tatizo lake: ukiwa mkono wa kushoto makali yanaachana na uzi unakunjwa badala ya kukatwa. Mvuto wa dole gumba kuelekea kiganjani unasaidia hapo pia.

Video anazoonyeshwa zigeuzwe kama kioo. Programu nyingi za kuhariri video kwenye simu zinaweza. Na mkufunzi wa kulia akae mbele yake, si pembeni, hapo mkono wake unakuwa kioo cha mwanafunzi.

---

Jicho_la_Pili

Nimesoma kote, na swali la tatu la mleta mada bado halijajibiwa vya kutosha: kumwonyesha mwanafunzi kosa lake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kifaa chochote cha kujifunzia. Pedi ya bei kubwa isiyosema kosa liko wapi ni meza ya kushonea tu.

Anza na kalamu. Kabla ya kukata, chora mistari mitatu sambamba, mmoja wa jeraha na miwili ya pembeni, milimita 5 kila upande. Juu ya mistari ya pembeni tia nukta kila baada ya milimita 5. Sindano iingie kwenye nukta na kutokea kwenye nukta ya ng'ambo. Kipindi cha pili futa nukta, bakiza mistari. Cha tatu futa vyote, na baada ya kushona weka juu yake karatasi ya plastiki angavu yenye mistari ile ile. Mwanafunzi anajisahihisha mwenyewe. Mara nyingi ataona upande wa kwanza anashika milimita 5 na upande wa pili 3, kwa sababu anaharakisha sindano itoke. Kingo zitapandana kwa kosa hilo hilo.

Kosa kubwa zaidi halionekani juu. Liko ndani. Mwambie ashone mishono mitatu kwa uzi wa rangi kali, kisha chukua kisu kirefu kilicholowa maji ya sabuni, ukate pedi kwa kukingama jeraha, karibu kabisa na uzi, hadi njia yake yote ionekane. Tazameni pamoja. Njia nzuri ina umbo la chupa ya kibuyu: nyembamba juu, pana chini, na kina sawa kulia na kushoto. Uzi wa namna hiyo ukikazwa unasukuma kingo ziinuke kidogo. Wengi watakuta umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Hilo ndilo linalokunja kingo ndani kwenye ngozi ya mnyama, mkuu. Na chanzo chake ni pembe: sindano iliingia imelala badala ya kusimama nyuzi 90. Ukimwambia "simamisha sindano" mara kumi hasikii. Akiona ile faneli mara moja, anageuza kifundo cha mkono vizuri kabla ya kusukuma. Inagharimu kona moja ya pedi, na hakuna matumizi bora ya pedi iliyochakaa kuliko hayo.

Sindano inayopinda nayo ina chanzo kinachoonekana. Ishikwe theluthi mbili kutoka kwenye ncha, kwa ncha ya mdomo wa kishika sindano, ikisimama mraba na mdomo. Anayeishika karibu na uzi, pale palipo dhaifu, ataipinda. Anayeisukuma kwa mkono mzima badala ya kuzungusha kifundo ataipinda pia. Lakini kagua na vifaa vyenu: bana sindano, kisha jaribu kuizungusha kwa forsepi. Ikizunguka, mdomo umechakaa, na hakuna mwanafunzi atakayeweza. Shikilia pia mdomo uliofungwa mbele ya taa, mwanga usipite kwenye ncha.

Kukaza kupita kiasi: silikoni haivimbi, haigeuki nyeupe, kwa hiyo hailalamiki. Weka sheria ya kuonekana. Baada ya fundo, ncha ya forsepi iliyofungwa iweze kupita chini ya kitanzi bila kulazimisha, na ngozi pande zote mbili isiwe na bonde. Waeleze kwamba jeraha la kweli litavimba siku moja au mbili za mwanzo, na kitanzi kinachobana leo kesho kitakata.

Sasa mpangilio. Wakae wawili wawili, meza 12. Mmoja anashona, mwingine anarekodi kwa simu iliyowekwa juu, sentimita 40 hivi, ikionyesha mikono tu. Anayerekodi ahesabu vitu vitatu pekee: mara ngapi sindano imeshikwa upya kwa mshono mmoja, mara ngapi kidole kimeigusa, na mara ngapi forsepi imebana ukingo ule ule. Wakibadilishana watazame dakika mbili za mwisho pamoja. Ninyi wakufunzi mnapita mezani mkiwa na kazi ya kurekebisha, si ya kugundua.

Kwa alama, mizani ya OSATS, fomu ya kupima ustadi wa upasuaji kutoka Toronto ya miaka ya 1990, ina vipengele saba vya kupimwa 1 hadi 5. Kwa pedi chukua vitatu: heshima kwa tishu, mpangilio wa mwendo na muda, na ushikaji wa vifaa. Kipengele cha kutumia msaidizi, kwa mfano, hakina maana mwanafunzi akiwa peke yake. Saa isiwe kipimo cha kwanza. Ukiwapima kwa dakika kabla mkono haujatulia, watajifunza kukosea haraka.

Vipindi vinne hivyo usivibane ndani ya siku moja au mbili, hata ratiba ikikulazimisha vipi. Toronto huko huko ulifanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2006, wa madaktari 38 waliokuwa mafunzoni, wakijifunza kuunganisha mishipa midogo ya damu. Nusu walipata vipindi vinne siku moja, nusu kipindi kimoja kila wiki kwa wiki nne. Mara tu baada ya mafunzo makundi yote yalikuwa yamepanda. Baada ya mwezi mmoja, waliojifunza kwa wiki walifanya vizuri zaidi. Kila mwanafunzi akiondoka na mita mbili za uzi na ndoano ya kufungia mafundo nyumbani, wiki ile ya katikati nayo inafanya kazi.

---

Mkufunzi_wa_Chumba

Nimenakili yote. Nimeagiza sindano zenye makali nje, na Jumamosi tunatandaza gundi na soksi. Jicho_la_Pili, swali dogo: tukikata pedi kwa kukingama, silikoni inafuata kisu na uzi unavutika kabla haujaonekana. Mnazuiaje?

---

Jicho_la_Pili

Iweke pedi kwenye friza nusu saa kwanza. Silikoni haigandi kama maji, lakini sponji yenye unyevu inashika. Kwa pedi ya silikoni tupu, ibane kati ya vipande viwili vya mbao, jeraha likikingama mbao na mshono ukichungulia milimita 2 nje ya ukingo wake, kisha kata kwa mvuto mmoja mrefu ukiegemeza kisu kwenye mbao. Usisugue mbele na nyuma kama msumeno. Na tumia uzi wa kusuka kwa jaribio hili, hariri au poliesta, kwa sababu nailoni laini inachomoka kisu kikiigusa.